Swali la Nne

Mwalimu Honoratha alimwandikia mjukuu wangu Gati maswali matatu ya kwenda nayo kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, Mugumu.

"Mwishoni watasema, una swali? Ukikaa kimya, wataona huna haja na chuo."

Shida ni kwamba Gati amekulia hapa Nyanungu, ambako mtoto haulizi wakubwa. Basi nikavaa miwani ya marehemu mume wangu, nikakalia kigoda, nikawa mkuu wa chuo.

"Una swali, binti?"

Akainama, akatazama vidole vyake vya miguu.

"Na hivyo vidole navyo vinaomba nafasi?"

Akacheka. Akauliza la maktaba, la mafunzo ya wodini, la sare. Maswali mazuri, yamepigwa pasi. Ila lake lenyewe halikuwemo, nami nililijua.

Mwanangu Waitara, baba yake mdogo, alikuwa ametamka mbele za watu: Desemba, chuo kikifunga, Gati atapelekwa kukeketwa. Wazee wa mila walishatangaza msimu. Mimi nilipelekwa nina miaka kumi na mitatu, pamoja na dada yangu Mokami. Nilirudi peke yangu. Hapo sina utani.

Nikachukua penseli, nikaandika la nne chini ya yale matatu.

"Bibi, hili siwezi."

"Mke mwenzangu, la maktaba wataliuliza wote. Hili ni lako."

Siku ya usaili nilimsindikiza. Nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Masikio yangu huzeeka pale tu ninapotumwa kazi.

"Una swali?" ilikuwa sauti ya mwanamume, lafudhi ya mbali.

Kuku wakapita, wakarudi. Kisha nikasikia karatasi ikikunjuliwa.

"Desemba tunarara hapa?"

Yule mwanamume akaangua kicheko. "Mnarara?"

Niliuma pindo la khanga. Nilikuwa nimeandika 'tunalala' kama tunavyosema Wakurya, na Gati kwa woga akasoma kama nilivyoandika.

"Usicheke, Osward," akasema mwanamke, sauti ya kwetu kabisa. "Anauliza kama bweni linafungwa Desemba. Halifungwi, binti. Anayetaka kubaki anabaki, na getini kuna mlinzi. Nani amekuandikia swali hili?"

"Bibi yangu. Yuko hapo dirishani."

Nikarudisha kichwa kama kobe, lakini nilishachelewa. Nikaitwa ndani. Yule mama, jina lake Agustina, akainuka.

"Shikamoo, bibi. Nyumbani wanajua?"

"Marahaba. Mwanangu hajaniuliza. Kwetu mtoto haulizi wakubwa."

Hakucheka. Aliinama akaandika, akaandika tena. Gati alipata nafasi.

Desemba ilipofika, nyimbo zilipita barabarani tangu alfajiri, wasichana wakiwa katikati. Waitara akaja uani kwangu na fimbo yake.

"Mama, chuo si kimefunga? Gati yuko wapi?"

Nilikuwa nachambua maharage. Zile nyimbo ni zilezile. Hata maneno hawajabadilisha tangu siku ya Mokami.

"Anarara," nikasema.

Akasimama akingoja niseme wapi. Maharage ya mwaka huu yana mawe mengi. Niliendelea kuyatoa, moja moja.