Karatasi Zenye Ukingo Mweusi

Stamena alikuwa akipaka gundi mlango wa jengo lao mjini Pernik, mvua ikimlowesha mgongo. Akaibandika picha ya mwanawe Ognyan: karatasi nyeupe, ukingo mweusi, kama mji ule unavyotangaza wafu wake, na chini yake maneno ya kuwaalika watu wote kwenye arobaini yake, Jumamosi, makaburini. Ognyan alianguka kutoka juu ya jengo akitundika turubai la tangazo, bila mkanda, bila mkataba. Mwajiri wake alisema hamjui.

Pembeni palikuwa na karatasi nyingine, ukingo mweusi vilevile. "Tunasikitika kutangaza kifo cha Maumivu ya Mgongo. Ameacha magodoro yetu mapya." Mji mzima ulikuwa umebandikwa hizo, kwenye miti na vituo vya basi. Mwanzoni bibi vizee walijipiga ishara ya msalaba. Baadaye watu walicheka, wakaelekeza simu zao kwenye kimraba cha vidoti wapate punguzo, wakarushiana picha. Redio ikausifia ubunifu huo.

"Shoga, unajichosha," alisema jirani yake Zlatka. "Hizi hakuna anayeziamini tena. Mwalimu Kolyo kazikwa juzi, tulikuwa watu wanne!"

Stamena akaingiwa na hofu. Kila jioni alisikia kiti cha Ognyan kikiburutwa jikoni, na akienda hakuti mtu. Alijua kinachomzuia kijana wake asipumzike. Watu hawajala ngano ya kuchemsha ya arobaini yake na kusema, "Mungu amsamehe." Watu wanne hawatoshi kumfungulia njia mtu aliyekufa vile.

Akaenda kwenye duka la magodoro. Meneja, binti mwenye kucha nzuri, alimkalisha kwenye godoro la maonyesho.

"Pole sana, mama. Kweli nimeumia."

"Basi karatasi zenu zitoeni, mwanangu, mpaka Jumamosi tu."

"Zetu zina kibali cha manispaa, mama. Ya kwako inacho?"

Stamena akainuka kwenye godoro. Tangu azaliwe hajaona mfiwa akiombwa kibali.

Jumamosi alifika kaburini na sufuria ya ngano, sukari ya unga juu yake. Padri alikuwepo, na Zlatka. Padri alipomaliza kuimba, langoni kukaingia watu, vijana wengi, wanacheka, simu juu. Stamena alijikuta analia kwa furaha.

"Bibi, magodoro ya bure yako wapi?" aliuliza wa mbele. "Karatasi imesema watu wote!"

"Nyie hamna haya?" Zlatka alifoka.

"Waache," Stamena alisema, akianza kugawa ngano kwenye vikombe.

Msichana mmoja akaonja. "Tamu hii! Mnaiuza wapi?"

"Haiuzwi, mwanangu. Ukila, sema Mungu amsamehe."

"Subiri, bibi." Msichana akamwelekezea simu usoni. "Rudia, ukiangalia hapa."

Stamena akaangalia pale. "Mungu amsamehe."

"Mungu amsamehe!" wakaitikia wote kwa pamoja, wakipunga vikombe, na wengine langoni wakaidaka kwa kelele, kila mmoja akidhani ndiyo kaulimbiu mpya ya tangazo.

Padri aliinamisha kichwa. Stamena akaendelea kuchota, kikombe baada ya kikombe, asijue kama dua za namna hiyo zinapokelewa.