Meno Mawili ya Karanga

Karanga alikuwa hajala tangu jana, na Imani angerudi keshokutwa kutoka safari ya shule. Ndiyo maana asubuhi hiyo Rukiya alikuwa jikoni kwake, mtaa wa Saint-Josse huko ughaibuni, anachemsha kikata kucha kwenye sufuria kana kwamba ni yai.

Karanga ni kinyama cha kufugwa, kama kindi lakini anaenea kiganjani, mwenye ngozi ya ubavuni inayotanuka akiruka kutoka pazia hadi kabati. Imani alipewa na jirani aliyehamia Liège, na siku ya kuondoka kwenda safari alimwambia mama yake, Rukiya, neno moja tu: "Maman, unichungie yeye muzuri." Sasa aliyeachwa achungwe alikuwa anatokwa na mate, shavu limevimba, na ndizi aliyoipenda akiigusa tu anageuza uso.

Rukiya alimfungua mdomo kwa kidole, akayaona: meno mawili ya chini, marefu, membamba, yamechomoza mbele. Kwao Buyenzi, kule Bujumbura, mtoto mchanga akiharisha na kukataa titi, watu husema ana ibinyo, meno mabaya yaliyojificha kwenye ufizi, na kuna bibi anayeyachimbua kwa spoku ya baiskeli.

Zuberi, mtoto wake wa kwanza, alichimbuliwa akiwa na miezi saba. Siku ya tatu akafa. Wote walisema walichelewa kumpeleka, na aliyesema zaidi alikuwa kaka yake Rukiya, Abdul-Aziz, kwa sababu yeye ndiye aliyewapakia kwenye baiskeli kwenda kwa bibi huyo, na gurudumu likapata pancha njiani. Miaka ishirini na nane mwanaume mzima anajilaumu kwa pancha.

Ndiye aliyekuwa kwenye simu sasa.

"Bon, meno imetokea mbele? Alors ni ibinyo hiyo. Toa mbio, Rukiya. Usingojee kama siku ile."

"Kaka, huyu ni munyama."

"Munyama haina ufizi? Toa."

Alikiopoa kikata kucha, akakifuta. Karanga alimtazama kwa yale macho yake makubwa meusi, na mkono ukakataa. Usidhani ilikuwa busara. Aliogopa tu, akataka mtu mwingine ndiye akate. Akamtia Karanga kwenye kifuko chake, akamficha kifuani chini ya mtandio, akapanda metro pale Madou. Kila kituo aliingiza vidole kupapasa kama bado anapumua.

Daktari wa wanyama, Claudine, ana chumba chake nyuma ya barabara ya Ixelles. Rukiya alimweka Karanga mezani na kikata kucha kando yake, akamwomba kwa Kifaransa ayakate yale ya mbele, haraka, kabla hawajachelewa.

Claudine alikisogeza kile chuma mbali. Alimlaza Karanga kwa gesi ya usingizi, akamulika mdomoni. Yale mawili ya mbele ni mazima, alisema, wanyama hawa wote ndivyo walivyoumbwa. Ugonjwa uko nyuma: gego limeoza kwa ndizi na asali za kila siku, na usaha umeanza. Angeling'oa hilo moja na kumpa dawa. Halafu akaongeza, huku akivaa glovu, kwamba kama mama angeyakata yale mazima, kidonda kingeoza, na kiumbe aliyekwisha kudhoofika asingemaliza siku tatu.

"Siku tatu," Rukiya alirudia.

Alitoka akakaa kwenye kiti cha kungojea. Zuberi alikuwa anaharisha. Basi, alikuwa anaharisha tu, kama watoto wote wa mtaa ule msimu wa mvua, na maji ya chumvi na sukari yangemtosha. Rukiya mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa, bibi akichimbua.

Saa sita Karanga aliletwa, amelegea, ulimi ukilamba maji kwenye bomba la sindano. Angepona. Simu ikalia.

"Alors?" Abdul-Aziz aliuliza. "Mulichelewa?"

Rukiya alitaka kumwambia yote. Lakini kumwondolea ile pancha ni kumtwisha kitu kizito zaidi, kwamba ndiye aliyemfikisha Zuberi kwa bibi, na kaka yake sasa ni mzee.

"Hapana, Kaka. Hatukuchelewa."

"Alhamdulillahi," alisema, na akapumua kwa nguvu.

Rukiya alikata simu. Akamkumbatia Karanga ndani ya mtandio, akalia mbele za watu, akitamani pancha ile isingezibwa kamwe.