Sauti Imeondolewa

Kwenye simu ya Mumbua, mdomo wa mama yake ulifunguka na kufumbika. Kitanda cha hospitali kule Kitui, leso mabegani, kidole kikigonga chuma cha kitanda kufuata mwendo wa wimbo. Chini yake maandishi: sauti imeondolewa kwa ombi la mwenye haki.

"Hebu cheza tena," alisema Kamaljit.

Mumbua akacheza tena. Kimya kilekile.

Kila Jumanne asubuhi Kamaljit alikaa kwenye ukumbi wa mtaa wa Castle Vale, huko Uingereza, kusaidia watu na fomu. Alizaliwa Nairobi. Kiswahili chake bado kilikuwa cha mtaa wa Ngara kulekule.

"Huyu mwenye haki ni nani?"

"Kampuni, Auntie. Prodyusa wao alikuja kanisani kwetu, akarekodi akina mama. Kila mmoja alipewa leso."

"Hiyo hiyo amejifunga?"

"Hiyo hiyo."

"Na wimbo ni wa nani?"

"Wa mama. Aliutunga akiwa na mimba yangu."

"Walitia sahihi?"

"Walitia dole gumba."

Mama alikuwa na wiki tatu kaburini. Mumbua hakwenda kumzika. Ombi lake la viza lilikuwa halijajibiwa, na angetoka Uingereza lingekufa. Kilichobaki ni video hii, mama akimwimbia mjukuu ambaye hakuwahi kumpakata. Tevin, kaka yake Mumbua aliyeirekodi, aliifuta kwenye simu yake ili apate nafasi ya picha za mazishi. Mumbua mwenyewe ndiye aliyemwambia afute. Alikuwa ameiweka mtandaoni; si iko salama huko?

"Tunaweza kupinga." Kamaljit alishusha miwani, akasoma. "Jina lako kamili na anwani vinapewa kampuni. Halafu unakubali kwamba wakikushtaki, utafika kortini."

"Korti ya hapa?"

"Ya hapa."

"Na viza yangu?"

"Sijui, mwanangu. Sitakudanganya."

"Nisipopinga?"

"Ukikiri kosa unafanya mtihani mdogo wa hakimiliki, picha inabaki. Sauti hairudi. Ukinyamaza, kesho wanafuta yote."

Mumbua alikuwa tayari amevaa sare. Zamu yake ya kutunza wazee ilianza saa nane mchana. Alibonyeza: nakiri.

Swali la kwanza. La pili. La tatu liliuliza: mtu akiamini kwamba wimbo ni wake, je, hiyo inatosha kuufanya uwe wake? Alichagua hapana. Alama ya kijani ikatokea, na neno la kumpongeza.

"Umepita," alisema Kamaljit, bila kumtazama.

Video ilianza yenyewe. Beverly, binti yake Mumbua wa miaka minne aliyekuwa akicheza sakafuni, alipanda mapajani mwa mama yake akauliza kwa Kiingereza mbona Susu ananong'ona. Akaifuata midomo ya bibi yake, na kidole chake kikaanza kugonga meza. Kisha akaimba, kwa Kikamba, maneno asiyojua maana yake, wimbo wote alioukariri kabla haujazimwa.

Mumbua aliitazama simu iliyokuwa wazi mezani, kana kwamba inasikia. Akamziba mtoto mdomo kwa kiganja.