Majivu Yasiyo ya Matawi

Mbuzi hawajui Kwaresima. Walipanda barazani kwa Ngigi, katekista wa kigango kimoja cha Kikatoliki huko Matasia, chini ya milima ya Ngong, wakala matawi yote makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, ambayo waumini walikuwa wamerudisha yachomwe kwa ajili ya Jumatano ya Majivu. Mbuzi walikuwa wake, na geti aliliacha wazi yeye mwenyewe. Akaona haya kumwambia padre, akajitia ujanja.

Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo la choo ambalo halijaisha kuchimbwa, na ukutani mwake mkanda wa vumbi jeupe. Binti yake Mwihaki, mwalimu wa jiografia Kitengela, alimweleza wakati wa likizo: "Baba, hiyo ni majivu. Ngong ilikuwa volkano kubwa sana. Ililipuka kabla binadamu hajakuwepo, ikafunika hii area yote, halafu nusu ya mlima ikazama bondeni. Ukiiangalia vizuri ni kioo imesagika."

Ngigi alishika neno moja tu, majivu. Akachota, akachanganya na masizi ya sufuria, na Jumatano watu wakapakwa.

Kesho yake akaja Mama Roda, mjane wa Maundu, kitambaa mkononi. Paji lake la uso lilikuwa jekundu, limechubuka, kwa sababu yeye haoshi majivu. Huyaacha mpaka yadondoke yenyewe.

"Katekista, ya mwaka huu imenichoma kweli, nikaisikia toba yenyewe," alisema akitabasamu. "Nimekuja kukushukuru."

Hapo ndipo Ngigi alipokumbuka kile kioo. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua, lakini zile shukrani zilimshinda kubeba. Akamwambia yote, mbuzi, shimo na mlima.

Mama Roda akauliza: "Kwa hivyo hata tawi yangu walikula?"

"Walikula, mama. Nisamehe."

"Hiyo ilikuwa ya Maundu. Ndiyo alishika Jumapili ya Matawi, kabla aniache. Nimekaa nayo mwaka mzima, nikingoja nipakwe hapa."

Aligusa paji lake, akakunja uso kwa maumivu. Kisha akachovya kitambaa kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni, akaanza kuosha. Miaka yote waliyojuana, Ngigi hakuwahi kumwona akiosha majivu yake. Akamshikia ndoo, asijue auweke wapi uso wake.