Usiku wa Tarehe Ishirini na Tatu

Mimi ni dobi, na wateja wananiita Pilipili. Siwalaumu. Mtu akiniletea shati lenye doa la wino halafu siku ya kulichukua akaniuliza huu wino umetoka wapi, namjibu anavyostahili. Lakini wiki ile sikumjibu mtu. Mvuke ulijaa dukani, mashuka yametundikwa kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati ya weupe ule mama yangu ameketi kwenye kiti chake cha plastiki. Anasinzia, anaamka, anazungumza na watu wa ndotoni, anasinzia tena. Kaka yangu mkubwa alikuwa amepiga simu: Jumapili atakuja na gari kumchukua mama akaishi kwake, mji wa mbali, nyumba kubwa, chumba chenye dirisha la kutazama bustani. Nami sikutaka mama aende. Haya, nimesema. Siku zile sikusema.

Ningesemaje? Kwangu ni vyumba viwili nyuma ya duka, na mama hulala akinusa sabuni za watu. Kaka ana uwezo. Nikimwambia mama abaki, si wataniambia namng'ang'ania awe mlinzi wa duka? Basi nikafunga mdomo, nikawa nazipiga pasi kola za watu kwa hasira mpaka zikawa zinasimama zenyewe.

Mama naye hakusema ndiyo wala la. Kila nikimwangalia alikuwa amefumba macho, anatabasamu na mtu nisiyemwona.

Alasiri redio ilikuwa na kipindi cha nyota. Mtangazaji wake alikuwa na sauti ya usingizi, inakujia taratibu kama unaitwa nawe umezamisha kichwa kwenye beseni. Siku hiyo akasema, "Simba, wiki hii safari ina heri, usiikatae. Kaa, tulia ulipo, riziki yako iko mlangoni pako."

Mama akafumbua macho. "Mimi ni yupi kati ya hao wawili?"

"Hata mmoja, mama. Kitambulisho chako kinasema Januari mosi. Wewe ni Mbuzi."

"Mbuzi!" Akakaa wima. "Mbuzi ni karani aliyeandika. Nusu ya wazee wa mtaa huu wamezaliwa Januari mosi. Kwani mama zetu walipanga foleni? Mimi ni wa mwezi wa saba. Marehemu bibi yako hakuchoka kuniambia: wewe ni mtoto wa usiku wa tarehe ishirini na tatu, mwezi wa saba, watu ndio kwanza wanakomea milango. Sasa nitafutie. Kaa anaishia tarehe ngapi, na Simba anaanzia wapi?"

"Mama, mambo ya nyota haya..."

"Nitafutie! Nikiwa Simba, nakwenda na kaka yako. Nikiwa Kaa, basi." Akafumba macho tena, akarudi kwa watu wake.

Roho ikawa juu. Nikachomoa pasi, nikapenya katikati ya mashuka, nikaenda kwa jirani yangu, fundi redio. Yule bwana ana binamu yake anayefanya kazi kwenye kituo hicho cha redio, na kazi yake kubwa ni kutuambia hivyo.

"Nyota?" akacheka. "Tangu lini? Mimi ni Ndoo. Ndiyo maana mke wangu ananibeba kichwani."

Siku nyingine ningemwambia ndoo yenyewe imetoboka. Akaweka bisibisi chini. "Pilipili, unaumwa?"

"Mpigie binamu yako. Muulize tarehe za Kaa na Simba, mama anataka kujua yeye ni yupi."

Akapiga. Nikasimama pale kati ya redio zilizofumuliwa matumbo, zote kimya. Fundi akaitikia, akaitikia tena, akakata simu.

"Kaa ni Juni ishirini na mbili mpaka Julai ishirini na mbili. Ishirini na tatu ni Simba. Anasema wengine husogeza siku moja huku au huku, lakini kwenye kipindi chao ndivyo wanavyohesabu."

"Siku moja tu?"

"Siku moja tu. Si umwongezee Kaa hiyo siku?"

"Tarehe si mchuzi, fundi, nikaongeze maji."

Nilirudi dukani. Ningeweza kudanganya, ulimi hauna mfupa. Lakini uongo wangu mama anaujua kabla sijaufikiria. Nikasimama mbele yake, mvuke unatupita usoni, nikamwambia, "Ishirini na tatu ni Simba."

"Haya," akasema. Haya tu. Akalishika pindo la shuka lililoning'inia karibu naye, akalinyoosha kwa vidole, ingawa lilikuwa limeshanyooka. Niliumia, jamani, niliumia kweli.

Nikachomeka pasi. Mashuka yalikuwa yanatikisika polepole kwa upepo wa feni, na yeye anaonekana, anapotea, anaonekana. Nikaona kama tayari ameshaondoka, na ninayemtazama ni kumbukumbu yake imeachwa kwenye kiti.

"Basi nifulie gauni langu la bluu," akasema kutoka upande wa pili wa shuka. "Liwe kavu usiku wa Jumapili."

"Mama, usiku wa Jumapili utakuwa uko kwa kaka. Anakuja asubuhi."

"Asubuhi ya Jumapili ndiyo. Usiku wake si unakuwa umeshapita?"

"Unapitaje kabla ya siku yenyewe?"

"Ebo! Usiku ndio unaotangulia. Jumamosi jua likishazama, huo ni usiku wa Jumapili, ndipo kunakucha Jumapili. Nyinyi watoto wa siku hizi mnahesabu kinyumenyume, halafu mnatucheka sisi."

Pasi ikasimama mkononi mwangu. Usiku wa Jumapili ni Jumamosi jua likizama. Na usiku wa tarehe ishirini na tatu?

"Mama," nikasema, "bibi naye alikuwa anahesabu hivyo?"

"Sasa mimi nilijifunzia wapi?"

Watu ndio kwanza wanakomea milango. Jua limezama, usiku bado mchanga. Kwa bibi ilikuwa imeshaingia ishirini na tatu, lakini kwa saa ya yule mtangazaji usiku wa manane haujafika, bado ni ishirini na mbili! Nikapiga ukelele, shuka la watu likaanza kunuka kuungua, nikaitupa pasi pembeni.

"Wewe ni Kaa! Kaa kabisa, wa saa za mwisho! Mama, wewe ni Kaa!"

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akalisogeza shuka, akanitazama macho makavu, hakuna hata chembe ya usingizi.

"Hayo ni maneno ya nyota, nimeyasikia. Wewe unasemaje?"

Nikaikunja soksi ya mteja, nikaikunjua. Mimi, Pilipili, ninayewajibu watu mpaka wanasahau nguo zao.

"Kaa," nikasema.

"Kaa nimeshasikia. Nakuuliza wewe."

"Nami nakujibu, mama. Kaa. Kaa hapa. Kaa na mimi."

Akaliachia shuka. "Kaka yako hachoki kunipigia, ananiambia njoo. Wewe tunakula sahani moja, hujanitamkia neno. Nikasema moyoni, labda nimemchosha mwanangu, anaona haya kuniambia. Mtu mzima huenda anakoitwa, hangoji kufukuzwa."

"Nikufukuze? Mimi? Mimi nikufukuze wewe?" Nilipayuka hadi fundi akachungulia mlangoni. "Toka, fundi! Huoni watu wanalia?"

Mama ndipo akacheka, huku anajifuta macho kwa shuka la mteja. Akanyoosha mkono, nikampa simu, akamsubiri kaka apokee.

"Mwanangu, usije kunichukua. Njoo unisalimie tu, ukipata nafasi." Akasikiliza. "Hapana, siumwi." Akasikiliza tena, ananitazama. "Nimekataa, ndiyo. Nimeitwa hapa."