Moto wa Mhunzi

Mkono wa binti wa mhunzi ulikuwa umekwisha kuingia kwenye makaa. Mwalimu wa fasihi aliifunga riwaya kongwe aliyokuwa akilisomea darasa.

"Kwa nini baba anamchoma mwanawe?" aliuliza, kisha akajibu mwenyewe, kama alivyojibu tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Moto ni ishara ya malezi. Mhunzi hamtesi mtoto, anamfua. Wanafunzi wakainama kuandika.

Alipoinua macho alimwona binti wa ndugu yake amesimama mlangoni, mkono wa kulia umeviringwa taulo.

"Shangazi," binti alisema, "baba ameuweka mkono wangu kwenye jiko."

Katika zahanati, muuguzi alipoifungua taulo, ngozi ilitoka nayo. Binti hakupiga kelele. Aling'ata bega la shangazi yake mpaka meno yakapenya kitambaa.

"Amekuta picha ya mvulana kwenye simu yangu," alisema baadaye. "Akaniambia nisilie, eti nitakuja kumshukuru."

Mwalimu aliyajua maneno hayo kwa ghibu. Yalikuwa ya mhunzi wa riwayani.

Kabla jua halijatua, ndugu yake akafika nyumbani kwa Mwalimu. Alikuwa mdogo wake wa mwisho, dereva wa malori, pande la mtu, na enzi za ujana wake alikaa dawati la mbele katika darasa la dada yake.

"Dada, nipe mwanangu."

"Humpati. Umemchoma."

"Nimemlea!" Macho yalikuwa yamemwiva. "Si wewe uliyetufundisha? Moto ni malezi. Jibu langu ulilisoma mbele ya wenzangu, ukasema nina akili."

Mwalimu alijiweka mbele ya mlango wa chumba alimokuwa binti, akasukumwa. Kisogo kiligonga ukuta, mdomo ukapasuka, damu ikamjaa kinywani. Mlango wa chumba ulipigwa teke, bawaba zikang'oka. Kisha akasikia ukelele ambao zahanati haikuusikia: baba alikuwa ameushika mkono uleule wenye bendeji, anamburura mwanawe.

Pasi ilikuwa mezani. Mwalimu aliinyanyua akampiga nayo begani. Ndugu yake aligeuka, akakinga kwa mkono, na pigo la pili likauvunja mfupa, ukalia ka! kama ukuni mkavu. Alianguka kwa magoti. Mwalimu aliinua pasi mara ya tatu, juu ya utosi wake sasa.

"Utanitambua leo!" alifoka. "Nitakufunza adabu!"

Na hapo, mkono ukiwa hewani, alisikia raha. Raha nzito, ya moto, iliyomshuka kifuani kama uji: huyu aliyembishia sasa yuko chini ya miguu yake. Miaka yote alikuwa amemtafuta mhunzi katika makaa, katika nyundo, katika rangi ya chuma. Kumbe alikuwa hapa, katika raha hii.

"Shangazi, basi!" binti alilia. "Basi!"

Aliishusha pasi polepole, akaiweka sakafuni kama kitu kinachoweza kuamka.

Nje, majirani walikuwa wakigonga mlango, wakiita. Ndugu yake aliketi akiwa ameukumbatia mkono uliovunjika, kamasi na machozi vikimchuruzika, mtu mzima na ndevu zake.

"Nampenda mwanangu, Dada. Wewe unajua."

"Najua," alisema Mwalimu. Mdomo uliovimba uliyafanya maneno yawe mazito. "Lakini hukumchoma kwa sababu hiyo."

"Kwa sababu gani, basi?"

Mwalimu aliitazama pasi pale sakafuni. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa la wote wawili.

Kabla hajalitoa, alisikia chuma kikikwaruza. Binti alikuwa kwenye mlango wa mbele, anahangaika na komeo kwa mkono wa kushoto. Komeo lilikuwa gumu. Mwalimu alipiga hatua kwenda kumsaidia, na binti, bila kugeuka, akatikisa kichwa.