Kamanda wa Nyumba ya Saba

Mwaka 1983, baada ya sala ya alasiri, Masele fundi redio wa Gongoni alichomeka kwenye umeme mashine ya mchezo iliyomfikia kwa treni. Nyota zikatiririka kiooni, kisha mashine ikaomba, kwa Kiswahili fasaha, majina ya marubani kumi. Mzee Ngollo, balozi wa nyumba kumi, hakuwa mtu wa kuvumilia orodha yenye nafasi tupu. Alitoa daftari lake akaandikisha wakuu wa kaya wote, nyumba kwa nyumba.

Jioni hiyo, kiooni, kombora liliangusha chombo cha angani cha nyumba ya kwanza. Asubuhi lori la kusaka wazururaji likamchukua Luhende wa nyumba ya kwanza. Siku ya pili ikawa zamu ya nyumba ya pili. Watu walitaka kuuacha mchezo, lakini mashine isipochezwa ilijichezea yenyewe, tena vibaya.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Twalibu, mshona kofia. Kushona kofia barazani hakukuhesabiwa kazi, kwa hiyo hakuwa na kitambulisho cha kazi, na asiye nacho alihesabiwa mzururaji. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Mkewe Zamda aliacha kukaanga vitumbua, akashika kifimbo cha kuongozea chombo cha mumewe.

Kila kimondo alichopasua kilimwongezea Twalibu kitu: ngao, mzinga wa pili, kisha cheo. Zamda akagundua pia kwamba chombo kikijificha nyuma ya vyombo vya wenzake, makombora huwapata wao.

"Zamda mwanangu," alisema Bi Swaumu wa nyumba ya nane, aliyekuwa ameketi kando yake, "huyo aliye mbele yako ni Yahaya wangu."

"Namwona, mama. Nisamehe."

Yahaya alichukuliwa Alhamisi.

Ijumaa Twalibu alifika cheo cha mwisho, na kioo kikaandika: Kamanda. Zamda alilia kwa furaha na kwa aibu.

"Cheo ni dhamana," alisema Mzee Ngollo, akafunga daftari.

Asubuhi lori lilisimama mlangoni kwao. Dereva alimpigia Twalibu saluti, akamfungulia mlango wa mbele. Twalibu alichomeka sindano kwenye kofia aliyokuwa akiishona, akapanda.

Lori lilirudi saa nane mchana, na watu wa mtaa wa pili wakiwa wamepakiwa nyuma. Twalibu alishuka na orodha ya kazi halali mkononi, akabisha hodi nyumbani kwake.

"Karibu, mume wangu. Chakula tayari."

"Nitakula. Kwanza nionyeshe kitambulisho cha kazi."

"Mimi si nauza vitumbua?"

Twalibu alipitisha kidole kwenye orodha, taratibu, mpaka chini. Alirudia tena kutoka juu.

"Vitumbua havimo, mke wangu."

Alimshika mkono asijikwae wakati wa kupanda nyuma ya lori. Kisha akaingia ndani akala, maana alikwisha sema atakula, na lori likamsubiri amalize.